Monita wa Siri wa Darasa la Tatu

Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu Valeriani alituita ofisini akataka kila mwalimu mpya asimame aeleze jinsi alivyolimudu darasa lake mwaka mzima. Wapya tulikuwa wawili, mimi na Zakayo. Zakayo alianza, akakiri bila aibu kwamba darasa la nne lilimshinda tangu Januari, na kwamba kuna siku alikaa kwenye kiti akawaacha wapige kelele mpaka wachoke wenyewe. Walimu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu zamu yangu ilikuwa inafuata na nilikuwa na la kujivunia.

Darasa langu la tatu lilikuwa na watoto tisini na mmoja, na lilikuwa kimya. Wazazi waliopita na baiskeli kutoka kijiji cha Mbingu walidhani shule imefungwa.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Wiki ya kwanza watoto wale walinifanya nilie chooni, mtu mzima na cheti changu. Wiki ya pili nikamteua monita aandike wapiga kelele, kama tulivyoandikwa sisi tulipokuwa wadogo: kipande cha karatasi, namba, nukta, jina. Mwalimu akirudi anasoma, na walioandikwa wanapiga magoti mbele. Lakini yule monita aliandika maadui zake akawaacha binamu zake, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamvua cheo mbele ya wote. Nikawaambia kwamba nimeshamchagua mwingine, wa siri, yumo humu humu darasani, na atamwandika hata anayepiga kelele nyumbani kwao.

Sikuwa nimemchagua mtu yeyote. Ulikuwa uongo wa hasira, nami nilitegemea utadumu wiki moja.

Siku ya tatu nikakuta karatasi ndani ya boksi la chaki. Majina saba, namba moja hadi saba. Nikafurahi, nikadhani kuna mtoto aliyejiteua mwenyewe, nikawapigisha magoti wote saba. Kitu kimoja tu kilinikera: mwandiko ulikuwa wangu. Ile g yenye mkia uliopinda kulia ni mimi ninayeiandika. Nikajiambia kwamba watoto hujifunza kuandika kwa kunakili ubao, na ubao ni wa kwangu.

Karatasi hazikukoma. Kufikia Machi watoto walikuwa wakicheza mpira uwanjani bila hata mmoja kuomba pasi. Unasikia miguu tu na mpira. Kisha majina yakaanza kuja na maelezo. Beno amecheka kisimani. Eveline ameimba akitwanga. Ursula ameongea usingizini. Hilo la Ursula nililisoma mara tatu. Niliogopa, sikatai. Lakini darasa lilikuwa kimya na wageni walinisifu, kwa hiyo niliendelea kuzisoma karatasi na kupigisha watu magoti.

Haya ya karatasi sikuyasema ofisini. Nilisimama nikazungumzia nidhamu, ufuatiliaji na ushirikishaji wa wanafunzi, maneno yote ya chuoni, na Valeriani alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo mama mmoja alipobisha hodi. Alikuwa Margareta, mama yake Nazari, mtoto wa dawati la nyuma kabisa. Akawaamkia wote, akaniomba radhi kwa kuingilia kikao, halafu akaeleza taratibu, bila kunilaumu.

Tangu Aprili Nazari hajasema neno. Mama alikuwa amempeleka shambani kufukuza ndege kwenye mpunga, na mtoto akakaa juu ya dungu, kile kichanja cha walinzi, mdomo ameufunga, akiwatazama ndege wakila. Margareta alidhani ni jeuri, akamchapa, na hata kulia hakulia kwa sauti. Alimpeleka hospitali Ifakara, daktari akamwambia koo ni zima. Sasa mvua zimeanza, na wiki ijayo familia inahamia shamba la ng'ambo ya mto.

"Kule matete yanampita kimo, mwalimu," akasema. "Akitumbukia majini, akiumwa na nyoka, nitajuaje? Nirudishie sauti yake kabla hatujavuka."

Ofisi nzima ikanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia Margareta anifuate, nikatembea haraka kwenda darasani, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na niliona ni jepesi.

Watoto walikuwa wamekaa wakisubiri ripoti zao. Nikasimama mbele nikawaambia ukweli. "Monita wa siri hayupo. Hajawahi kuwepo. Niliwadanganya. Kuanzia leo ongeeni."

Hakuna aliyekohoa. Walinitazama kwa heshima kabisa, na nikaona kwamba hawaniamini. Nikasema kama kuna aliyekuwa akiandika karatasi zile, anyooshe mkono, sitamfanya lolote.

Ursula, dawati la mbele, akanyoosha. Kisha dada yake pembeni. Kisha Beno, kisha dawati zima la Beno, na mikono ikaendelea kupanda kuelekea nyuma bila sauti, mpaka hapakuwa na mtoto ambaye mkono wake uko chini. Nazari naye alikuwa amenyoosha. Ndipo nilipoelewa nilichowafanyia. Niliwaambia mwandishi yumo humu humu, na kila mmoja akaona afadhali awe yeye kuliko aandikwe. Nilijichukia pale pale, mbele yao.

Margareta, mlangoni, aliuona mkono mmoja tu. "Nazari, mwanangu," akaita kwa sauti. "Niite basi. Niite mama."

Mikono yote ikashuka kwa pamoja. Vichwa vikainama, na nikasikia penseli. Tisini na moja, zikikwaruza karatasi.

Nazari alimaliza, akachana karatasi, akaja nayo mbele. Akampita mama yake. Akanipa mimi, kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa.

"Ameandika nini?" Margareta akaniuliza. "Mimi kusoma sijui, mwalimu. Nisomee."

Nikatazama karatasi. Mwandiko wangu, mzuri. Namba moja, nukta, na neno moja.

"Ameandika Mama," nikasema.

Akacheka huku machozi yanamtoka. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja vizuri, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Alisema hiyo inatosha, kumbe mtoto anamkumbuka, sauti nayo itafuata. Akanishukuru, akamshika mkono mwanawe, wakaenda kufunga mizigo ya shamba, nami sikumwambia kwamba kwenye karatasi zile huandikwa wapiga kelele tu.