Sabuni ya Taifa

Ulimi hauna mfupa, lakini wa waziri wa ulinzi, Jumatatu ile, uliwavunja watu mifupa. Aliulizwa redioni kuhusu askari wanaokufa mpakani. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Askari ni sabuni ya taifa. Kazi ya sabuni ni kuisha. Mche mmoja ukiisha, tunafungua mwingine."

Mzee Pasi, dobi wa mtaa wa chini, alikuwa na mche wa sabuni mkononi. Aliutazama, akautazama tena, akauweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Umemsikia, Mama Koplo?"

Mkewe alikuwa ameinamia kola ya shati. "Nimesikia sauti. Maneno nimeyaacha hukohuko redioni."

Mtoto wao hakuwa koplo. Alikuwa askari wa kawaida, wa mwisho kabisa kwenye mstari, ila mama yake alimpandisha cheo siku ya kwanza aliyovaa buti, na mtaa mzima ukakubali kwa kuwa haukuombwa kuchangia chochote. Sasa ilikuwa wiki ya tano hajapiga simu. Kila asubuhi mama yake aliifuta ile simu kwa kitambaa, kana kwamba kinachozuia sauti ya mwanawe ni vumbi.

Kabla kijana hajaondoka, mama yake alimshonea namba yake ya jeshi ndani ya kola za fulana zote, kwa uzi mwekundu, kama wanavyotia alama nguo za wateja. Sita, mbili, nne, sifuri, tisa. Kijana alicheka, "Mama, mimi si shuka la hoteli." Mama akamjibu, "Nguo yenye alama hurudi kwa mwenyewe."

Jumanne watu waliamka na hasira za kufua mlima. Hakuna aliyewapanga. Mwanamke mmoja alikwenda kwenye lango la waziri, akatupa kipande cha sabuni juu ya ukuta, akaenda zake kazini. Akafuata mwalimu, wakafuata wauguzi wa zamu ya asubuhi, hadi saa sita madukani hapakuwa na sabuni, labda ile ya kuogeshea mbwa, nayo ilirushwa baadaye. Lundo lilipita ukuta. Jumatano alfajiri ikanyesha mvua, na mnaosema nimetia chumvi waulizeni walioteleza: povu lilishuka barabarani hadi magotini. Mbwa wa mlinzi, mweusi tangu azaliwe, alitoka humo mweupe pee, bwana wake akamfukuza akidhani ni wa jirani. Polisi waliokuja kutawanya watu walianguka mmoja mmoja bila kuguswa, na waandamanaji wakawa wanawainua kwa heshima zote, "Pole, afande. Shika hapa, afande."

Mtaa ulicheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha msibani, cha kuzuia machozi yasiwahi zamu.

Sasa, katikati ya hayo yote, suti ya waziri ilikuwa wapi? Kwa Mzee Pasi.

Dereva wa waziri aliileta Jumanne ileile, imeviringishwa ndani ya gazeti kama samaki. Suti nyeupe ya pamba, vifungo vya dhahabu, ile inayoonekana kwenye mabango yote. Waziri angeivaa Alhamisi kuomba radhi kwenye televisheni. "Iwe nyeupe, mzee," dereva alisema bila kumtazama. "Amesema iwe nyeupe sana."

Ukutani, juu ya beseni kubwa, yameandikwa kwa mkaa maneno mawili: MIFUKO KWANZA. Ndiyo sheria ya pale, na haina rufaa. Katika miaka ishirini na sita wameshatoa mifukoni meno ya bandia, barua za posa, na siku moja kifaranga mzima, hai, kikiuliza mama yake yuko wapi. Kila kitu kilitiwa kwenye bahasha, kikarudi na nguo bila kusomwa. Kilichomo mfukoni mwa mteja ni amana.

Siku ile Mzee Pasi hakugusa mifuko. Aliishika suti kwa vidole viwili, akaitumbukiza, akaikandamiza kwa mti kama anayezamisha nyoka. Akaipiga, akaisugua, akaisuuza.

Jumatano asubuhi mvua ilipokatika, mkewe alikuwa anaianika. Mkono wake ukasimama kwenye mfuko wa ndani.

"Baba Koplo. Mifuko."

Akamtolea bonge la karatasi iliyolowa, kubwa kama yai. Mzee Pasi aliona aibu ya mtu aliyekutwa analala kazini. Aliikunjua polepole, akaiweka katikati ya vitambaa viwili, akaipitishia pasi ya uvuguvugu, alivyowahi kuokoa cheti cha ndoa cha mtu. Nia yake ilikuwa kuikausha, aitie bahasha, akae kimya.

Ila pasi haina adabu, humnyoosha yeyote. Alipofunua kitambaa, maandishi ya juu yalimtazama usoni: WALIOFARIKI. ISITANGAZWE MPAKA MHESHIMIWA AELEKEZE. Chini yake, majina yalikuwa yameandikwa kwa kalamu, na wino wote umekimbia, yamebaki mawingu ya bluu. Namba za jeshi, kwa kuwa zilipigwa chapa, zilikuwa hapo zote. Serikali ilikuwa imetangaza wafu wawili. Huku mistari ilishuka hadi mwisho wa ukurasa.

Alifunika kitambaa upesi. Hakusoma hata moja.

Hapo ndipo mlango ulipojaa watu, povu limewaganda miguuni. Mbele yao fundi viatu wa jirani, mtu wa maneno, ambaye mpwa wake alikuwa jeshini.

"Mzee Pasi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ile suti tumeiona kwenye kamba. Unamfulia?"

"Nafua nguo, fundi. Midomo sifui."

"Basi itoe tuichome."

"Wewe mbona ulimshonea kiatu mwaka jana?"

"Nilimshonea cha kushoto tu," fundi alisema. "Cha kulia nilikataa."

Wawili watatu wakacheka. Dereva akawa amefika, anapenya katikati yao, jasho linamtoka. Hata salamu hakutoa.

"Mzee, suti. Na kama kulikuwa na kikaratasi mfukoni, nipe hicho kwanza. Suti inaweza kungoja."

Kicheko kikakatika. Fundi viatu aligeuka, "Kikaratasi gani hicho kinachotangulia suti?"

Mzee Pasi alimtazama dereva, kisha maneno ya mkaa ukutani, kisha mkewe aliyesimama mlango wa uani na kapu la vibanio. Amana ni ya nani? Akafunua kitambaa.

"Mzee, watanifunga," dereva alisema kwa sauti ndogo.

"Utasema nilikunyang'anya."

Akasoma kichwa cha habari. Kisha akaanza namba, tarakimu mojamoja, kama anayeitisha nguo za wateja. Kila mwenye askari mpakani anaijua namba ya mtu wake; ndiyo anayoiandika juu ya vifurushi. Ya kwanza haikuwa na mtu pale. Ya pili vilevile. Ya nne, mwanamke aliyesimama nyuma aliketi chini kwenye povu lililofika mlangoni. Ya saba, fundi viatu alivua kofia, akaanza kuikunja na kuikunjua, akaikunja tena.

Kwenye namba ya kumi na moja macho ya Mzee Pasi yalifika kabla ya mdomo. Angeweza kuiruka. Angeweza kusema wino umekimbia, na nani angebisha? Alisoma.

"Sita. Mbili. Nne. Sifuri. Tisa."

Sauti haikubadilika. Kapu la vibanio lilianguka, na vibanio vikatawanyika sakafuni. Aliendelea na ya kumi na mbili, kwa sababu na huyo alikuwa na mama. Akasoma mpaka ya mwisho, ya kumi na tisa.

Hakuna aliyetaka tena kuchoma kitu. Mama Koplo alikwenda uani, akarudi na koti la suti, bichi bado. Akaketi kwenye kigoda chake, akatoa sindano na uzi mwekundu.

"Unafanya nini, shemeji?" fundi viatu aliuliza.

"Natia alama," alisema. "Tumewaandika watoto wetu wote, yeye hatukumwandika."

Alishona namba ya mwanawe kwenye kola, nje, mahali patakapoonekana kesho kwenye televisheni. Alipokata uzi kwa meno, yule mwanamke wa kwenye povu alinyoosha mkono kuomba sindano. Dereva hakuidai suti. Alisogea kando ya mlango, akawapisha waliokuwa bado wanaingia.