Seli za Mgonjwa wa Kumi na Nne

Kila siku ya kazi saa moja na nusu asubuhi, kabla wenzake hawajafika na kelele zao, alikuwa ameshavaa koti jeupe, ameshafunga nywele, ameshajipaka spiriti mpaka kwenye viwiko. Hapo hufungua kabati la joto, akatoa chupa bapa moja tu, akaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni, akaiweka chini ya hadubini. Kabla ya kuinama huzisalimia seli zilizomo. "Mmeamkaje?" Basi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata kwa seli hakuongeza la pili. Pale maabara walimwita Kimya, na jina likamkaa kama koti lililoshonwa kwa vipimo vyake.

Asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameweka jicho kwenye lenzi. Seli zilikuwa zimejaa chupa nzima, zimebanana bega kwa bega, zinang'aa kwa afya. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Profesa, mama mpole ambaye hakuwa na desturi ya kufika kabla ya saa tatu, na mkoba ulikuwa bado begani.

"Iache hiyo chupa," alisema. "Njoo ofisini. Glavu utavua huko huko."

Maabara yao ilikuwa na kazi moja. Ilipokea seli za wagonjwa wa saratani kutoka hospitali ya jirani, ikazilisha na kuzikuza, kisha ikazigawa katika sahani zenye vishimo vidogo na kutia dawa tofauti katika kila kishimo. Dawa iliyoua seli za mgonjwa fulani ilipelekwa kwa madaktari kama pendekezo. Afadhali kubahatisha kwenye sahani, Profesa alipenda kusema, kuliko kubahatisha kwenye mwili wa mtoto wa watu. Wagonjwa hawakuwa na majina pale, walikuwa na nambari. Nambari kumi na nne alikuwa dada yake Kimya, mkubwa wake kwa miaka kumi na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa na saratani ya ovari. Tumbo lilikuwa likimjaa maji, na katika maji hayo yaliyotolewa kwa sindano hospitalini ndimo zilimotoka seli zake. Profesa hakutaka Kimya azishike. Alisema mkono wa ndugu hutetemeka. Kimya alimwomba kwa machozi, na Profesa, ambaye hakuweza kuhimili machozi ya mtu asiyelia ovyo, akakubali.

Sasa wote wawili walikuwa wakitazama kompyuta. Kabla ya madaktari kukaa Ijumaa na kuamua kama mgonjwa wa kumi na nne apewe dawa namba tatu, sampuli ilikuwa imepelekwa kwenye taasisi nyingine kuhakikiwa vinasaba. Majibu yalikuwa yamefika alfajiri. Profesa hakuyasoma kwa sauti. Aliweka kidole chini ya mstari mmoja na kungoja.

Seli zile zilikuwa za mwanamume.

Kimya aliusoma mstari mara tatu. Mwanamume hana ovari, hilo halihitaji shahada. Mstari wa chini ulieleza zaidi. Seli zililingana kwa kila alama na seli ambazo wao wenyewe waliziita Magugu, seli za mapafu ya mtu aliyekufa kabla Kimya hajazaliwa, zilizokuwa zikikuzwa katika maabara nyingi kwa majaribio ya kawaida. Waliziita hivyo kwa sababu hazina adabu. Ukidondosha moja tu mahali pasipo pake, baada ya wiki chache imejaza chupa na wenyeji wote wamekufa njaa.

"Tangu lini?" Profesa aliuliza, si kwa ukali.

Kimya alijua ni tangu lini. Alijua hata siku.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu seli za dada yake zifike. Zilikuwa chache, kubwa, nzito, zinakufa moja baada ya nyingine. Kanuni ya maabara ilikuwa bayana kuliko mchana. Kila aina ya seli ina chupa yake ya sharubati, ndivyo walivyoyaita yale maji mekundu ya kulishia, na Magugu hulishwa mwisho, baada ya wengine wote. Siku hiyo dada yake alikuwa amelazwa. Kimya alitaka amalize kazi nyingine zote haraka, ili muda uliobaki autumie kwa seli za dada yake, taratibu, bila kuangalia saa. Kwa hiyo aliwalisha Magugu kwanza. Na kwa sababu chupa ya sharubati ilikuwa imeshafunguliwa na imeshapata joto, na seli za dada hazikupenda baridi, akazilishia na hizo ile ile, ambamo seli za Magugu zilikuwa zimeshadondokea.

Siku kumi baadaye seli zilifufuka. Maabara nzima ilishangilia. Mzee Barafu, fundi aliyetunza mitungi ya kugandishia seli, alimwambia kwamba mikono yake ina baraka na amshike na yeye goti lake bovu. Na miezi miwili baadaye dawa namba tatu ilipoziua seli zile kishimo baada ya kishimo, Kimya, ambaye hakuwahi kumpelekea mtu habari yoyote mbio, alipanda ngazi za nyumba ya dada yake akihema na kumwambia, "Ipo dawa inayoziua."

Hilo ndilo lililomuuma sasa. Mwezi mmoja uliopita dada alikuwa amezikataa dripu za hospitali. Zilimkausha mdomo, zikamng'oa nywele, zikamlaza siku nne kila alipowekewa. Daktari alimgombeza, shemeji akambembeleza, na yeye akawajibu wote kwamba haendi kuteswa bure wakati mdogo wake anamtengenezea ya kwake. Alimtangazia kila aliyekuja kumwona.

Profesa alisema daktari ataambiwa na yeye mwenyewe Profesa, na kwamba maabara ni yake, kwa hiyo kosa ni lake pia. "Lakini dada yako nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia," alisema Kimya.

"Leo."

Akaitikia kwa kichwa.

Hakwenda. Alikwenda kwa Mzee Barafu. Alikumbuka kwamba wiki ya kwanza kabisa, kabla ya ile siku, walikuwa wamegandisha vichupa viwili vya seli za nambari kumi na nne. Mzee alivaa glavu zake nene, akafunua mtungi, moshi mweupe wa baridi ukammwagikia miguuni, akaanza kupekua vibanio vya vichupa akinung'unika kwamba vijana wanaandika kama kuku anayeparua. Alivipata. Alipomkabidhi alimtazama usoni, na utani ukamwisha.

"Hizi ziligandishwa zikiwa zimeshachoka, binti yangu," alisema. "Usiweke moyo wako wote humo."

Lakini aliuweka. Aliziyeyusha kwa mkono wake, akazifungulia sharubati mpya, akaandika nambari kwenye chupa kwa herufi kubwa, akabandika karatasi kwenye kabati kwamba asiguse mtu. Alijiambia kwamba zikishika, hata mia mbili tu, atakuwa na la kumwambia dada. Atamwambia kosa na papo hapo atamwambia tumaini, la pili lifunike la kwanza. Kila jioni shemeji yake alimpigia kuuliza mbona haonekani, dada anamuulizia, na yeye akamjibu kwamba kazi zimembana.

Siku ya pili alizihesabu. Zilizoshika chini ya chupa zilikuwa kumi na moja. Alikuwa amesahau zilivyo. Zilikuwa pana, zimejikunyata pembezoni, kila moja mbali na mwenzake, hazifanani hata kidogo na lile jeshi alilokuwa akilisalimia miezi yote hii. Aliona haya. Alikuwa amemsahau dada yake sura, akamchekea mgeni.

Siku ya nne zilikuwa tatu. Hakutoka kwenda kula. Msichana wa meza ya pili alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, akaulizwa tena, akasema hapana.

Siku ya sita, Jumatano, aliitikisa chupa kidogo chini ya hadubini, na vilivyobaki vyote vikaelea kama vumbi kwenye miale ya jua. Alitazama kwa muda mrefu, asije akakosea tena. Mara hii hakukosea.

Profesa alimkuta pale, akavuta kiti, akakaa. Hakugusa chupa. Alimuuliza jambo moja tu, dada alisemaje. Kimya alipoinamisha kichwa, yule mama alielewa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akakasirika. Alimwambia kwamba kosa la chupa humpata kila mtu wa kazi hii, limempata yeye mwenyewe, limewapata wakubwa kuliko wao. Hizi siku sita si kosa la chupa. Kesho mgonjwa ana miadi, na daktari atamwambia, na atajua kwamba mdogo wake alijua.

Nyumba ya dada ilikuwa ghorofa ya tatu. Shemeji alimfungulia mlango akiwa na taulo begani, akamnong'oneza kwamba leo hajambo kidogo, ameomba hata kioo. Chumbani pazia lilikuwa limefunguliwa nusu, na dada alikuwa ameegemea mito mitatu, madaftari ya wanafunzi yamerundikwa kwenye kiti ingawa hakuna aliyemletea kazi tangu mwanzo wa muhula. Aliyataka yawepo tu. Mikono ilikuwa imekwisha, imebaki mifupa na mishipa, na chini ya shuka tumbo lilikuwa limeinuka kama la mjamzito wa miezi saba.

"Haya, mdaiwa wangu wa salamu huyo," dada alisema. "Nikadhani umeolewa kimyakimya."

Kimya alikaa ukingoni mwa kitanda. Dada akaanza kusema, kama kawaida yake. Tangu wakiwa wadogo yeye ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili: dukani, shuleni, kwa daktari wa meno. Kimya alikuwa akianza sentensi, dada anaimaliza, na mara nyingi anaimalizia vizuri kuliko mwenyewe alivyokusudia. Sasa alisimulia kwamba jirani wa chini amekuja kuuliza kama hiyo dawa ya mdogo wake inaweza kumfaa na mkwe wake, akamwambia asubiri zamu, kwanza ndugu.

"Dada," alisema Kimya. "Yale majibu ya uhakiki."

"Yametoka. Najua, ndiyo maana umechelewa, mlikuwa mnapanga. Kesho ninaanza?"

"Utambulisho wa sampuli haukulingana."

"Sema lugha ya watu, mtaalamu wangu."

"Maana yake kuna… ilibidi turudie. Zile za kwanza zilikuwa na mchanganyiko."

"Kwa hiyo itachelewa wiki moja. Si neno. Nimengoja mwezi, nitashindwa wiki?" Akampapasa goti. "Usinifanyie uso huo. Unajua ninavyokaa usiku nikisikia hili tumbo linanibana pumzi? Nawaza seli zangu ziko kwako, unazilisha, unazisalimia asubuhi. Shemeji yako anasema nimeanza wazimu. Mimi namwambia, nusu yangu iko mikononi mwa mdogo wangu, hiyo nusu haina wasiwasi."

Maneno yote aliyoyapanga Kimya kwenye ngazi yalikuwa maneno ya karatasi, na dada angemalizia kila moja kwa namna yake, na kila namna ingekuwa na tumaini ndani yake. Aliona itaendelea hivyo mpaka kesho, mpaka kwa daktari, na akaona dada yake akigeuka pale kliniki kumtafuta kwa macho. Akaushika ule mkono uliokuwa gotini. Ulikuwa mwepesi na wa moto.

"Usinimalizie," alisema. "Mara hii usinimalizie. Nisikilize."

Dada akanyamaza. Ilikuwa ajabu, kusikia chumba kile kikiwa kimya naye yumo.

"Seli zako zilikufa. Zilikufa zamani, mwezi wa kwanza. Nililisha nyingine kwa haraka, nikazichanganya, hizo zikala zako zote. Nilizokuwa nazisalimia zilikuwa za mtu mwingine. Dawa namba tatu inaziua za huyo mtu mwingine, haikujui wewe. Nilitafuta zilizobaki, leo zimekwisha nazo. Nimejua siku sita, sikuja."

Jikoni shemeji alikuwa amefunga bomba. Dada alimtazama mdogo wake kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu kitu ambacho hakikuulizwa, akisubiri aendelee, na alipoona haendelei uso wake ukaanza kulegea polepole, kuanzia kwenye macho.

"Kwa hiyo mwezi huu wote," alisema, "nilikuwa nangoja nini?"

"Hakuna."

"Hakuna."

Aliutoa mkono wake. Hakuutoa kwa hasira, aliutoa tu, akauweka juu ya tumbo lake. Pumzi zake zilikuwa fupi, na kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ambayo zamani angeijaza kwa utani wowote. Akageukia dirishani.

"Nenda nyumbani," alisema. "Tutaonana kesho kliniki."

Kimya alisimama, akafika mlangoni. Shemeji alikuwa hapo na taulo lake, amesikia, hajui aingie au atoke. Ingekuwa siku nyingine yoyote angempita na kuteremka ngazi, na yaliyobaki angeyasema moyoni njia nzima. Aligeuka. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyoijua.

"Kesho kubali dripu, dada. Zitakutesa, na sijui kama zitakusaidia, mwezi tumeupoteza, mimi nimekupotezea. Sina dawa. Sijawahi kuwa nayo. Lakini sitaki ufe huku unaningoja mimi."