Siku Shamba la Wekoye Lilipopumzishwa

Je, umewahi kuletewa sukari ya matanga mume wako akiwa mzima, ameketi jikoni anamenya nduma? Peris wa Ndalu aliletewa. Kilo sita, majani ya chai, na mzigo wa kuni mbichi.

Chanzo ni ule mpango wa serikali wa kuwalipa wenye mashamba ya mtoni waache kulima ukingoni, wapande mianzi, udongo usichukuliwe na maji. Mumewe, Wekoye, alienda mjini Kitale akajiandikisha. Aliporudi alimwambia mkewe huku akivua viatu, "Ile sehemu ya mtoni tunaipumzisha. Nduma itang'olewa."

Ile ya mtoni ndiko nduma ya Peris ilikuwa. Mbegu alipewa na mama mkwe, mwaka Peris alipomzaa mwanawe Hesbon. Peris aliosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Ndipo afisa wa mazingira, Chepkirui, akamwandikia mzee wa kijiji, Levi, kwenye simu: "Jumamosi saa nne Wekoye atapumzisha shamba. Watu wahudhurie." Jumapili Levi alisahau miwani nyumbani. Akasimama kanisani akasoma, "Jumamosi saa nne Wekoye atapumzishwa shambani." Kanisa zima likaguna. Wenyewe hawakuwepo, ng'ombe wao alikuwa anazaa.

Jioni Nabwile, jirani, alifika na sukari kichwani, machozi shingoni.

"Woi, Peris! Na juzi si nilimwona akinunua chumvi?"

"Yuko jikoni."

"Mmemlaza jikoni?"

"Ameketi."

Nabwile akachungulia. Wekoye akainua kisu kidogo, akasalimu, "Mulembe." Nabwile akafikiri, akaweka sukari chini.

"Mimi hii sirudi nayo. Ya matanga hairudi nyumbani."

Kutangaza kifo ni rahisi kuliko kukikanusha. Wa karibu waliambiwa ukweli, wa mbali, kule Kwanza na Kachibora, hawakufikiwa. Jumamosi hema lilisimama, viti vikapangwa, wanakwaya wakaja na sare zao. Wekoye alivaa suti, akaketishwa mbele, pale pa jeneza, kwa sababu hapakuwa na kiti kingine.

Chepkirui alishuka na vigingi na fomu, akashangaa.

"Ati watu wote hawa? Sijawahi kuona kijiji kinachopenda mto hivi."

"Tunaupenda," Levi akasema, akitazama pembeni.

Wekoye akatia sahihi. Chepkirui akageuza karatasi. "Sasa mama. Bila sahihi ya mke, hii haiendi."

Lakini Levi alikuwa ameshashika kipaza sauti, na kazi aliyoizoea ni moja tu. "Kabla hatujapumzisha, mjane atuambie neno moja kuhusu marehemu." Akakohoa. "Mama wa boma. Kuhusu shamba."

Peris akasimama, akanyoosha leso. Mazishi mengi amehudhuria, na anajua mjane akisimama hakuna anayemkatiza. Hata Wekoye alikuwa ameinamisha kichwa, kama inavyompasa marehemu. Chepkirui alimnyooshea kalamu, yeye hakuipokea.

"Mimi sina mengi," akasema. "Serikali siikatai, na mto siuchukii. Hata mianzi nitaipanda kwa mkono wangu. Lakini Baba Hesbon, ile nduma ni ya mama yako na mimi. Nilitaka uniulize kwanza."