Ongeza Asali

Walimwita Ulimi. Wasema wasemao, aliwahi kuonja tone moja la wiski akataja pipa lililalia ubavu gani, na kwamba mlinzi wa ghala siku hiyo alikuwa na mafua. Yeye mwenyewe hakukanusha. Sifa ya bure haitupwi.

Lakini mkewe hakuolewa na ulimi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa baba mtu akiwa kaunta anatikisa barafu. Wa pili alikuwa amebakiza mwezi, na mama alishasema lake: "Safari hii usipokuwepo, baba watoto, usije kabisa." Ulimi akaapa kwamba akiitwa, hata chupa iliyo mkononi ataiachia ianguke.

Siku hiyo alikuwa anachagua likeri chungu, kileo cha mitishamba, ya kuchanganya na wiski kwa kokteli ya vuli, majani yanapopukutika na wateja wanapotaka cha kupasha kifua. Chupa tatu zilimsimamia mbele. Ya maganda ya machungwa ilikuwa na uchungu wa mchumba aliyenuna: ukibembelezwa unaisha. Ya maua ilichungulia, ikaiona wiski, ikakimbia. Ya mizizi, nyeusi tii, iliingia kooni ikakaa kama mgeni asiyeaga.

Nyumbani alikuwa ameacha kichupa cha maji ya maganda, aliyoyachemsha mwenyewe bila kileo, akamwomba mkewe ayaguse kwa ncha ya ulimi kisha amwambie. Kwa mambo ya uchungu hakuna aliyemwamini kama yeye.

Simu ikalia. Akaibana begani, kijiko mkononi. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, anahema.

"Shemeji, dada anasikia uchungu. Mkali."

Ulimi akatabasamu. Maganda yamechemka kupita kiasi, akawaza.

"Mwambie aongeze asali," akasema, "halafu asubiri kidogo."

Akaizima simu kabisa. Pua nayo inataka utulivu.

Jioni akaichagua ile ya mizizi. Mwenye baa akaonja, akafumba macho, akaomba nyingine. Ulimi akarudi nyumbani anapiga mluzi, akakuta mlango wazi, shuka sakafuni, na kichupa mezani, kizibo hakijaguswa. Hapo ndipo neno lilipomgeukia kinywani.

Wodini, shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Hakufoka. Alimwambia mtoto ni wa kike, mzima, na kwamba habari ya asali imeshazunguka wodi nzima. Mkunga mmoja alicheka nusura aangushe trei. Ulimi akaomba aingie, amwone tu. Shemeji akaenda ndani, akarudi.

"Dada anasema usubiri kidogo."

Akasubiri. Waume wa watu waliingia na maua, wakatoka na meno nje. Mizizi bado ilikuwa kooni. Nesi aliyekuwa akipita akauliza huyu baba ni wa nani.

"Ndiye yule wa asali," shemeji akajibu, akaufunga mlango.