Eskudo ya Milango Mitatu

Picha zilitufikia Masasi Jumanne na basi la Dar es Salaam, ndani ya bahasha ya kaki. Zilikuwa tatu, pamoja na barua fupi. Safari, binamu wa mume wangu, alikuwa akifanya kazi kwenye yadi ya magari ya mitumba kutoka Japani, na alituchagulia matatu yaliyoshuka melini mwezi ule. Alitaka jibu kabla ya Jumapili. Mwaka ule wa 2000 korosho zilikuwa zimelipa, na kila aliyekuwa na mikorosho miwili alijiona ana haki ya kumiliki gari.

Mume wangu Yoeli alikuwa wakala wa kununua korosho tangu serikali iliporuhusu watu binafsi kuingia kwenye biashara hiyo. Alizitazama picha moja moja, akazipanga mezani kama karata, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananiwasha kama upupu.

"Vizuri. Kesho nitazipeleka stendi, zipande basi la Newala, dada azione."

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Nina stashahada ya ualimu. Barua ile niliisoma mimi, na maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa nyuma ya picha niliyafasiri mimi. Hakuuliza, "Mama Esther, wewe waonaje?" Alisema dada azione.

Dada mwenyewe ni Ida, wa Newala. Alimpita Yoeli miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kwetu huku kusini mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Ida alikuwa na watoto wanne, kwa hiyo Yoeli alikuwa mjomba mara nne. Viatu vyao, sare zao, mabati ya nyumba yao, vyote vilipita mkononi mwake. Akitembea Newala hakuna anayemwita Baba Esther. Anaitwa Mjomba, hata na watu wazima.

Mila naijua. Mimi ni Mmakua wa Lulindi, na kwetu mambo ni yale yale. Nilipomlalamikia mama yangu, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Na kaka yako Cyril anapomletea Esther magauni, mbona husemi?"

"Hiyo ni tofauti, mama."

"Tofauti yake nini?"

Tofauti yake ni kwamba magauni yalikuja kwangu. Sikumwambia hivyo, lakini alijua.

Mwezi Julai Emmanuel, tuliyezoea kumwita Ima, mtoto wa kwanza wa Ida, alikuwa atoke jandoni. Sherehe ingekuwa kubwa, na mjomba ilimpasa afike na gari lake jipya. Mimi nilitaka kitu kimoja tu katika gari lile: siku hiyo niingie Newala nimekaa mbele, ubavuni kwa mume wangu, mtoto wangu mapajani, na mji mzima uone kwamba mtu huyu ana mke. Sikutaka zaidi ya hapo.

Kesho yake, kabla picha hazijapelekwa stendi, nilizichukua nikaenda nazo kwa fundi Isaka, aliyekuwa akitengeneza magari ya misheni kabla hajafungua gereji yake. Alijifuta mikono, akaziinua juani.

"Hii Rav4 nzuri, mwalimu. Laini, ya kistaarabu. Lakini haina ile gia nzito ya mlima. Ninyi mtapanda Newala na magunia, sivyo?"

"Na mchanga wa juu kule."

"Basi iweke kando. Kazi ibaki kwa hizi Eskudo mbili. Injini zile zile, gia zile zile. Hii ina milango mitano, na hii mitatu."

"Tofauti yake nini?"

"Mwili tu. Ndefu inatulia barabarani, ina nafasi ya mizigo. Fupi inakata kona vizuri, na bei yake imepungua kidogo. Ila watu wa nyuma hawana mlango wao. Lazima kiti cha mbele kikunjwe, mtu ainame, ajipenyeze." Akanitazama. "Kwa familia, mwalimu, ndefu. Hapo hakuna mjadala."

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye yale maneno ya kuinama na kujipenyeza. Ida ni mwanamke mnene, na goti lake la kulia halijapata kukunjika sawasawa tangu alipoanguka na ndoo ya maji miaka ile ambayo maji ya Newala yalifuatwa bondeni. Nilimwona kwa macho ya moyo akisimama mbele ya upenyo ule. Asingeweza kupita. Akishindwa kupita, atasema kwa heri, atapanda basi kama siku zote. Gari lingekuwa la watu wawili wa mbele na mtoto.

Niliondoka gerejini nikitembea kama mtu aliyeokota kitu.

Jibu la Ida lilikuja Ijumaa, karatasi iliyokunjwa mara nne mkononi mwa kondakta. Yoeli aliisoma mlangoni, akaitia mfukoni.

"Dada anasema la milango mitano."

"Kwa nini?"

"Ameeleza marefu. Kwa ufupi, anasema ni bora."

Sikuomba kuisoma. Kwamba Ida ameitaka ndefu ilikuwa sababu tosha kwangu kuitaka fupi, hata kama lisingekuwepo goti. Usiku ule nilizungumza kama niko mbele ya darasa. Nilimweleza kuhusu kona za mlima wa Newala, na bei, na tairi nne mpya ambazo tungepata kwa tofauti ile. Maneno yote ya fundi Isaka niliyatumia isipokuwa yale ya mwisho. Yoeli alisikiliza, mkono shavuni.

"Unaitaka sana," alisema.

"Naitaka."

"Hujawahi kuniomba kitu hivi." Akatabasamu. "Basi. Mara hii iwe yako."

Nakumbuka nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita vya wiki nzima.

Barabara ya Kibiti ilipokauka, Safari akalivusha gari Rufiji na kutuletea Masasi, rangi ya damu ya mzee, vumbi mpaka kwenye taa. Kwa wiki mbili nilikuwa malkia. Nilikaa mbele kwenda sokoni, kwenda kanisani, hata kwenda kwa jirani yetu Yuster ambaye nyumba yake inaonekana kutoka dirishani kwetu. Walimu wenzangu waliniamkia kabla sijawaamkia. Niliteremsha kioo nikapandisha, nikateremsha tena.

Kisha Ida akaja Masasi kununua vitambaa na mchele wa sherehe. Kurudi, ilikuwa tupande naye, siku yenyewe ya sherehe.

Asubuhi ile alitoka ndani kwa hatua zake za kuvuta mguu, akalizunguka gari mara moja.

"Shikamoo wifi," nilisema.

"Marahaba, Mama Esther. Hongera kwa gari. Ndilo hili, au bado linakua?"

Yuster, aliyekuwa barazani kwake akichambua mchele, akacheka kwa sauti.

"Ninyi Wamakua," Ida aliendelea, "mnapenda vitu vifupi ili mfike wenyewe juu."

"Na ninyi Wamakonde mnapenda vitu virefu ili mpate cha kuchonga," nikamjibu. Ni utani wetu wa siku zote, na kwa kawaida hauumizi.

Yoeli alifungua mlango, akakunja kiti cha mbele. Upenyo ukabaki pale, mwembamba, wenye giza. Ida aliutazama. Akainua mguu mzuri, akaushusha. Akajaribu kutanguliza mgongo. Goti likakataa.

Nikangoja. Nilikuwa nimemshika Esther mkono.

"Mimi nipite hapa?" Ida akasema. "Hapa hata panya angepiga hodi. Yoeli, nishushie mizigo yangu, basi la saa nne bado lipo. Mwache mwenye gari akae na mume wake."

Ndiyo maneno niliyoyasubiri tangu gerejini. Yalitoka kama nilivyoyapanga, neno kwa neno karibu. Lakini Yuster akasimama na ungo wake.

"Haa! Wifi mkubwa apande basi, na gari la mdogo wake liko hapa? Mama Esther, mtaonekanaje?"

Yoeli aligeuka. Alinitazama tu, macho ya mtu anayengoja mke wake afanye jambo lililo wazi kwa kila mtu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye gari la milango mitano Ida angekaa nyuma raha mustarehe, miguu yake ameinyoosha, na mimi mbele. Kwenye hili la mitatu, asiyeweza kupenya nyuma ana mahali pamoja tu pa kukaa. Nililipima gari, nikalipima goti, sikuipima heshima.

"Wifi, kaa mbele," nikasema. "Mimi nitapita nyuma."

Nikainama, nikajipenyeza.

Safari ya Newala si ndefu, lakini mimi niliihesabu kwa magoti. Nyuma ya kiti kulikuwa na mchele na madumu, pembeni yangu kapu lenye kuku wawili, mapajani Esther. Ida alikilaza kiti chake ili anyooshe mguu, na kiti kikaja mpaka kifuani kwangu. Tulipita Nagaga nikiwa naangalia kilemba chake. Waliotupungia njiani walimpungia yeye. Tulipoanza kupanda, kona baada ya kona, yeye na Yoeli walikuwa wakicheka habari za utotoni ambazo mimi simo.

Karibu na juu Esther akaninong'oneza kwamba anataka haja ndogo.

"Subiri, tunafika."

Tulifika kwa ngoma. Vijana walikuwa wamejipanga njiani, na wanawake wa ukoo wakalizunguka gari kwa vigelegele, wakigonga boneti kwa viganja. "Mama Ima na gari lake!" watoto walipiga kelele. "Mama Ima! Mjomba!" Nilionekana? Kuku walionekana zaidi yangu.

Yoeli akashuka. Nyuma hakuna mlango, upande wake umezibwa na kapu la kuku, na Ida alitakiwa ashuke kwanza. Akatoa mguu mmoja, akapumzika. Akapokea mikono ya watu watatu, akajibu shikamoo tano. Esther akaanza kulia. Nikasukuma kiti, hakikwenda. Ida aliposimama na kiti kukunjwa, mwanangu alikuwa amekwisha kunilowesha kitenge kizima, kile kitenge nilichokishonesha kwa ajili ya siku hiyo.

Ida akachungulia ndani. Aliona.

"Yoeli!" akageuka. "Si nilikuandikia? Nilisema milango mitano, mama na mtoto watoke kwa mlango wao, wasingoje kizee kama mimi kijikokote. Ulisoma au ulitazama?"

"Nilisoma, dada. Mama Esther mwenyewe ndiye aliyelitaka hili."

Ida akanigeukia tena, akainamisha kichwa ndani ya gari mpaka nikasikia pumzi yake. Akasema polepole, mimi peke yangu nisikie:

"Goti langu ulilipima kwa futi, wifi, au kwa macho tu?"

Nikajifanya namfuta Esther machozi.

Ida akacheka. Si kicheko kibaya, na hicho ndicho kilichoniuma. Akavua kanga ya mabegani mwake, mpya, bado ina harufu ya duka, akanifunga kiunoni kabla sijasimama wima, maji yasionekane. Wanawake waliona Mama Ima anamvika wifi yake kanga mbele ya watu, wakapasuka kwa vigelegele. "Huyo ndiye wifi! Wifi wa kweli!" Hata aibu yangu ilimpatia sifa.

Emmanuel akatoka, akacheza, akatunzwa. Kwenye mzunguko wa mji alikaa mbele na mjomba wake, kama inavyostahili. Mimi nilitembea kwa miguu na kanga ya watu kiunoni, na nilipoulizwa kama nimefurahi nilisema sana.

Tulirudi Masasi Jumatatu. Ida alibaki kwake. Kwa hiyo nilikaa mbele, mwenyewe, kwenye kiti nilichokipigania. Hakuna aliyetuona. Watu walikuwa mashambani, barabara ilikuwa vumbi na sisi. Nami sikuweza kukaa sawa. Kiti kilikuwa kimelala kwa kipimo cha Ida, kimerudishwa nyuma kwa urefu wa mguu wake, na mimi nilikuwa ndani yake kama mtoto aliyevaa kiatu cha mama. Nikaanza kupapasa chini nitafute kile kichuma cha kukisogezea.

"Kiache tu," Yoeli alisema, macho barabarani. "Jumamosi nampeleka dada Ndanda, hospitali wamtazame lile goti. Kimeshamkaa vizuri."

Alikuwa mkarimu, mume wangu, na dada yake alikuwa mkarimu, na kanga ilikuwa bado kiunoni mwangu. Niliyajua hayo yote. Vidole vyangu vikakipata kichuma. Nikakivuta, nikakisukuma kiti mbele, nafasi moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa reli, magoti yangu yakagusa dashibodi.

"Utaweza kukaa hivyo mpaka Masasi?" Yoeli akauliza.

"Nitaweza," nikasema. "Jumamosi atakirudisha mwenyewe."