Printa ya Jirani

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kusema. Fundi wa kompyuta wa ofisini aliponikabidhi laptop ya kazi akaniambia nisiiunganishe na mtandao wa nyumbani, nilimjibu, "Kwani nyumbani kwangu kuna wezi?" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika taya.

Kazi yangu ni kuwaficha wanawake wanaopigwa na waume zao. Tunawapeleka kwenye nyumba ambazo hata ndugu zao hawazijui. Wiki tatu kabla ya taya kuvunjika nilimficha jirani yangu mwenyewe, mshonaji, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya ukuta wangu. Nilimtoa na gauni alilovaa na mkasi wake tu, jicho moja limevimba hadi limefunga. Mumewe ni mpiga picha za pasipoti, mpole mbele za watu, samahani haimkauki mdomoni. Kila asubuhi alinikuta uani.

"Dada, hujasikia lolote kuhusu mke wangu?"

"Sijasikia, kaka. Tumwombe Mungu."

Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni, huku moyoni namtukana matusi yasiyoandikika.

Intaneti aliyotumia ilikuwa ya kwetu. Mama yangu, ninayeishi naye, alimpa mpiga picha huyo nywila siku alipombebea mtungi wa gesi. Mama ana huruma za kijinga. Angeombwa funguo za mlango angetoa.

Siku ya balaa ofisini walikuwa wanapaka rangi, nikafanyia kazi sebuleni kwetu, saa nne asubuhi. Laptop ikaniuliza kama mtandao huu nauamini. Nikabonyeza ndiyo. Nyumba yangu mwenyewe, nisiiamini? Nilipomaliza orodha ya wiki, majina, mitaa na namba za nyumba, mkono ukabonyeza kitufe cha kuchapa kama ulivyozoea ofisini. Kwetu hatuna printa.

Ng'ambo ya ukuta, printa ya mpiga picha ikaanza kuguna.

Nilielewa kabla haijamaliza: laptop ilikuwa imejichagulia printa yake, iliyo kwenye mtandao wetu. Nikatoka mbio. Nikakutana naye mlangoni pake, karatasi mkononi.

"Dada," akasema kwa sauti ileile ya upole. "Kumbe ni wewe."

Nikairukia karatasi. Nilipata nusu, nikaisokomeza mdomoni nikaitafuna. Akanikaba koo, akanibana ukutani, na kwa mkono wa pili akachukua stendi ya kamera, ya chuma, akanipiga nayo usoni. Nilisikia taya likivunjika. Sikutema. Akanitia vidole mdomoni aitoe, nikaving'ata mpaka nikagusa mfupa. Alilia kama mtoto, na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Akanipiga tena, mbavuni, magotini, nikaenda chini. Mama akatokea na stuli ya jikoni akamshushia nayo kisogoni.

"Mwache mwanangu, muuaji wewe."

Mpiga picha akamsukuma mama, akamwangusha kwenye ngazi. Kisha akapanda pikipiki yake, damu inamchuruzika mkononi, na nusu iliyobaki ya karatasi mfukoni. Ndiyo iliyokuwa na mtaa wa mkewe.

Mdomo wangu haukuweza kutamka neno. Nikatambaa hadi kwa mama, nikamwandikia kwenye simu: piga ofisini, wamtoe mshonaji sasa hivi. Mama akapiga akiwa amelala palepale ngazini. Mara ya tatu wakapokea.

Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Dakika sita baadaye mumewe alivunja geti, akamvunja mlinzi mkono, akaingia chumbani na kuchana godoro, mito na nguo kwa mkasi wa mkewe mwenyewe. Polisi walimkuta bado anachana.

Siku ya nne mshonaji alikuja hospitalini. Taya langu lilikuwa limefungwa nyaya. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono, akalia.

"Pole, dada. Umepigwa kipigo changu."

Nami nilikuwa nalia. Nikachukua daftari nikamwandikia: Wamekupeleka wapi sasa?

Akasoma. Akalifunga daftari taratibu, akaliweka juu ya kabati, mbali na mkono wangu.

"Nimehama mwenyewe," akasema. "Ofisini kwenu hawajui. Na wewe, dada yangu, sikwambii."

Iliniuma kuliko ile stendi. Nikaitikia kwa kichwa, maana alikuwa na haki. Akaniwekea mto vizuri, akaaga.