Muntu wa Mikono

Mgongo wa Mama Josée ulianza kumwuma mvua za kwanza zilipoanguka, na Noeli ilipofika hakuweza tena kuinama hata kuokota kiatu chake. Alikuwa mjane wa mvunja mawe wa machimbo ya Kakontwe, huko Likasi, mwanamke wa asili ya Kasai, na aliishi na binti yake Simone, karani katika ofisi ya komini. Huyo Simone majirani walimsema kuwa angeweza kuosha hata maji.

Hospitalini walimpiga picha, wakasema ni mifupa ya uzee, wakampa vidonge. Vidonge vikamchoma tumbo. Siku moja akavisukumia mbali mezani.

"Simone, minye nimechoka na dawa za kumeza. Unitafutie muntu wa mikono. Muntu wa kunishika huu mungongo."

Basi Simone akaanza kuulizia. Akauliza ofisini, akauliza parokiani, akauliza kwa mwanamke anayemsuka nywele. Kila mmoja alikuwa na mtu wake: huyu anakanda kwa mafuta ya nyoka, yule anachemsha mizizi, mwingine anaombea huku anakanyaga mgonjwa kwa miguu. Simone alisikiliza akihisi mate yakimjaa mdomoni, mate ya mtu anayekaribia kutapika. Akamchagua yule aliyesifiwa kuwa wa kisasa, aliyejiita Docteur Ghislain, mwenye kibao cha "thérapies naturelles", tiba za asili, karibu na soko.

Simone na mama yake walimkuta akila beignet, andazi la mafuta na sukari. Koti lake lilikuwa jeupe mpaka shingoni, na kuanzia hapo kola ilikuwa kahawia kwa uchafu. Kitanda cha kukandia kilifunikwa nailoni. Simone alipoishika, kiganja kilinata, na alipokibandua aliona nywele fupi za mtu mwingine zimeganda kwenye mafuta ya jana. Ghislain akalamba vidole kimoja kimoja, kisha kwa vidole hivyohivyo akafunua kope za Mama Josée kumtazama macho.

Akamshikisha mama fimbo ya chuma iliyofungwa kwa waya kwenye ordinateri, kompyuta yake. Karatasi ikatoka. Akaisoma kwa sauti ya padri: ini limechoka, damu ni nzito, prostate imevimba.

"Mama iko na prostate, kitu ya banaume?" Simone aliuliza.

"Machine haidanganyake, maman."

Mama Josée alicheka mpaka mgongo ukamkomesha. Simone hakucheka. Alimshika mama mkono wakatoka, na njia nzima aliona kope za mama yake zikimeta sukari na mafuta ya yule mtu.

Baada ya hapo akampata Michée, mkandaji aliyesomea kazi yake, ambaye huja nyumbani. Michée alifika na shuka lake mwenyewe, limenyooshwa, linanukia sabuni. Akanawa mpaka viwikoni, akavaa gants, glavu za mpira, akaanza kumkanda mgonjwa taratibu. Simone alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alivuta pumzi hadi chini. Lakini mama yake alilala amekakamaa kama gogo, na kijana alipoondoka akasema:

"Huyu asirudiye."

"Juu ya nini, mama? Iko propre, musafi, iko na heshima."

"Ananishika na mipira. Njo vile banashikaka maiti. Minye sijakufa."

Simone alimjibu vibaya. Alimwambia kama anataka uchafu, uchafu haukosekani Likasi. Mama Josée akageukia ukuta.

Wiki iliyofuata, Simone akirudi kutoka kazini, alimkuta mama ameketi wima kwenye kiti, anachambua mboga, anaimba. Alikuwa hajaimba tangu Noeli. Simone alifurahi, akapita nyuma yake kuchukua sufuria, ndipo akaona liputa, kitenge alichojifunga, mgongoni ina madoa meusi, ya mviringo, yamepangana kama vifungo. Akaivuta. Chini yake ngozi ilikuwa imechanjwachanjwa kwa wembe, na kila penye chale palikuwa na duara la zambarau lililovimba.

"Nani?"

"Maman Jenny. Daniella njo alinipeleka." Daniella alikuwa jirani wa ukuta mmoja. "Usikasirike. Nimepona, mutoto yangu. Angalia vile ninakaa."

Simone hakungoja kula. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwa huyo Jenny, na kwa bahati mbaya yake alimkuta kazini. Uani, mzee mmoja alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka. Jenny, mwanamke mnene mwenye uso wa upole, alikuwa ameinama juu yake, mdomo kwenye ncha ya pembe ya ng'ombe, anafyonza. Mashavu yake yaliingia ndani. Akaiziba pembe kwa nta aliyokuwa ameitafuna, akageuka, akatema kwenye beseni. Ndani ya beseni pembe zilizotumika zilielea katika maji yenye rangi ya chai ya jana, na mabonge ya damu yalitikisika chini kama maini. Nzi walikuwa wamevimba kwa shibe. Jenny akatumbukiza mkono, akatoa pembe nyingine, akaikung'uta mara moja, akambandika mzee.

"Karibu, mama," akasema, midomo ikiwa bado myekundu. "Weye iko na maumivu wapi?"

Simone alijaribu kusema. Kilichotoka hakikuwa maneno. Alitapika palepale kando ya mkeka, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, na Jenny akaja mbio kumshika paji la uso kwa mkono ule ule. Simone akaupiga ule mkono, akakimbia.

Jipu lilianza baada ya siku chache, chini kidogo ya bega. Kwanza likawa gumu, halafu likawa la moto, halafu Mama Josée akaanza kutetemeka na kuongea na marehemu mumewe. Hospitalini wakalipasua. Usaha ulijaa kibakuli cha chuma, na harufu ilibaki puani mwa Simone hata alipokuwa komini akipiga muhuri vyeti vya watoto wachanga. Muuguzi akampa Simone dawa na pamba: kidonda kisafishwe asubuhi na jioni, na yeye ndiye wa kukisafisha, maana hakuna mwingine.

Alikisafisha. Alifunga kitambaa puani, akageuza uso upande, akawa anachungulia kwa jicho moja. Utambi wa bandeji uliotiwa ndani ya kidonda ulipotoka na ule ute wa kijani, alikunja vidole vya miguu viatuni. Alichukia kidonda, alimchukia Jenny, alimchukia Daniella, na kulikuwa na asubuhi alipochukia hata ile ngozi laini ya uzee iliyojikunja chini ya vidole vyake kama karatasi iliyolowa.

"Simone," mama akasema siku moja, kichwa kwenye mto. "Minye ninanuka?"

"Hapana, mama."

"Ninanuka. Ninajisikia mwenyewe. Unaona yule Jenny? Mikono yake iko chafu, ni kweli, amenitia mu hii mateso. Lakini alinishika mungongo wote, akaniuliza baba yako alikufa namna gani. Hakugeuza uso. Tangu baba yako akufe, hakuna muntu alinishika vile."

Hasira ilimpanda Simone, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli na yalitetea beseni lile. Akafungua kitambaa puani, akageuka, akatazama. Shimo lilikuwa na kingo nyekundu na kitu cheupe chini. Akasafisha mpaka mwisho akitazama, na alipomaliza akaacha kiganja chake kitupu mgongoni mwa mama, penye ngozi nzima, ingawa kila kidole kilitaka kukimbia.

Jumamosi alirudi kwa Jenny. Benchi lilikuwa limejaa. Akatoa simu, akawaonyesha wagonjwa picha ya jipu aliyoipiga hospitalini, mmoja baada ya mwingine, bila kupaza sauti. Mama mmoja mjamzito akainuka akaondoka. Wengine wakatazama, wakarudi kukaa.

"Ile njo damu mubaya ilikuwa inatoka," Jenny alieleza benchi. Kisha akamwuliza Simone, kwa huruma isiyo ya kuigiza, "Mama anaendelea je?"

Huruma ile ndiyo iliyomchefua kuliko beseni.

"Chemsha pembe zako, maman Jenny," akasema. "Kila moja, kila muntu. La sivyo nitarudi hapa na bantu ba hygiène, bale ba usafi ba komini."

Alipeleka kweli malalamiko kwa wakubwa wake. Wakamsikiliza, wakatikisa vichwa, na mmoja wao akamwuliza pembeni huyo Jenny anaishi mtaa gani, maana yeye mwenyewe kiuno kilikuwa kinamsumbua.

Kidonda kilifunga kabla ya Pasaka. Michée akarudi, na safari hii Simone alimwomba avue gants; kijana akanawa, akamkanda mama kwa mikono mitupu huku akimwuliza habari za Kakontwe. Mama Josée akamkubali, akamsimulia kila kitu.

Jumapili iliyofuata mama na binti walikwenda misa pamoja. Wakati wa kupeana amani, mtu wa benchi la mbele aligeuka, na alikuwa Jenny. Mama Josée akampokea kwa mikono yote miwili. Kisha Jenny akamnyooshea Simone mkono. Kwenye kucha kulikuwa na mstari mweusi.

Simone akaupokea, kwa kuwa mama yake alikuwa anatazama. Mkono ulikuwa wa moto, laini, na ulimkamata vizuri. Misa iliyobaki yote alikaa na kiganja wazi juu ya goti, mbali na nguo yake, akingoja baraka ya mwisho.